Upande wa baridi: maana yake kwa anayeanza kutengeneza pombe nyumbani

Pombe yoyote, iwe ya mtama, ya ndizi au ya asali, hupita sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mekoni: kuchemsha maji, kupika uji wa kimea, kuyeyusha asali. Huo ni upande wa moto. Ya pili huanza mchanganyiko ukishapoa kiasi cha kupokea hamira, na inaendelea mpaka kinywaji kiingie kwenye glasi: kuchacha, kutulia, kuhamishwa, kutiwa kwenye chupa. Huo ndio upande wa baridi, hata kama ni Oktoba na chumba chako hapo Isevya, mjini Tabora, kina nyuzi 30.

Watengenezaji hutenganisha pande hizi kwa sababu makosa yake hayafanani. Sufuria isiyosafishwa vizuri, mwiko wa mbao uliochakaa, maji ya kisima: mchanganyiko ukichemka vya kutosha, vijidudu vingi vinakufa. Mchanganyiko ukishapoa, hakuna tena wa kukuokoa. Sukari ndani ya maji ya vuguvugu ni karamu ya yeyote atakayewahi, awe hamira uliyoinunua dukani au bakteria wa siki aliyeletwa na kinzi kidogo cha matunda.

Sasa mtu ana ndoo, sufuria na elfu kadhaa za kuboresha vifaa. Wengi hukimbilia sufuria kubwa zaidi na jiko la gesi lenye mwako mkali. Nadhani ni kwa sababu vinaonekana. Mgeni akiingia uani anaona mtambo. Ila hela hiyo imeenda upande ambao haukuwa na shida, na pombe itaendelea kuchachuka vibaya, tofauti ni kwamba itakuwa nyingi.

Kwa Tabora hoja hii ina nguvu zaidi, kwa sababu ya wanzuki, yaani pombe ya asali. Asali haihitaji kupikwa. Unachemsha maji, unayaacha yapoe mpaka vuguvugu, unayeyusha asali humo, basi. Kuichemsha asali ya miombo, ile nyeusi ya mizinga ya magome kutoka Sikonge, ni kuifukuza harufu uliyoilipia (moshi wa mrinaji utabaki, huo hauondoki kirahisi). Kazi karibu yote ya wanzuki ipo upande wa baridi.

Anza na ndoo. Ndoo ya lita 20 ya mafuta ya kula inafaa ikiwa haijakwaruzwa ndani na harufu ya mafuta imetoka kabisa. Mkwaruzo ni maficho ya bakteria ambayo sabuni haifiki, kwa hiyo usiisugue kwa steelwire wala mchanga. Ndoo au pipa lililobeba rangi, kemikali au dawa za tumbaku liache huko huko, hata ukipewa bure. Toboa tundu kwenye mfuniko, pitisha mpira mwembamba unaobana vizuri, ncha ya pili iingie kwenye chupa ya maji. Hewa ya mchacho inatoka ikibubujika, vinzi haviingii. Kusafisha ni hatua mbili: sabuni kwanza, kisha dawa ya kuua vijidudu. Dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kama mililita 4 kwa lita moja ya maji, kwa dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usiichanganye na siki kamwe. Hutoa gesi ya sumu.

Kinachofuata ni joto, na hapa ndipo watu hupoteza ladha bila kujua. Hamira ikifanya kazi hujitengenezea joto lake, kwa hiyo ndani ya ndoo huwa juu ya joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Ikizidi, inatoa vileo vizito vyenye ukali unaonusa kama tina ya rangi, na asubuhi kichwa kinasimulia. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo zenye uzito mkubwa. Nunua kipimajoto cha kawaida. Kile cha homa hakifai, kinaanzia nyuzi 35. Kisha weka ndoo ndani ya beseni pana lenye maji, ivalishe fulana ya zamani ya pamba ambayo pindo lake limezama majini, mahali penye upepo na pasipo na jua. Maji yanapanda kwenye kitambaa, yanakauka na kuondoka na joto. Kiangazi cha Tabora, hewa ikiwa kavu, mbinu hii inashusha nyuzi kadhaa bila umeme. Masika hewa ikijaa unyevu, inalegea. Hapo tia chupa za maji yaliyoganda ndani ya beseni na uzibadilishe asubuhi na jioni. Beseni na fulana vipo nyumbani tayari, ndiyo maana sielewi mtu anayefikiria friji kabla ya kujaribu hivi.

Kifaa cha kwanza cha kutolea hela hasa, kwa maoni yangu, ni hidromita. Ni kijiti cha kioo chenye uzito chini, kinachoelea kwenye kimiminika. Sukari ikiwa nyingi kinapanda, ikipungua kinazama. Maji matupu husoma 1.000. Chukua kilo 4 za asali, ongeza maji mpaka jumla iwe lita 20, utapata takribani 1.058. Mchacho ukiishusha hadi 1.000, toa namba ya mwisho kwenye ya kwanza, zidisha kwa 131: kilevi ni kama asilimia 7.6. Soma pale usawa wa maji ulipo, si pale maji yanapopanda kidogo kwenye kioo, na uzungushe kijiti kwanza ili viputo vilivyokishika vitoke.

Angalia usiuziwe nyingine. Fundi betri anayo yake, lakini kipimo chake ni kati ya 1.100 na 1.300 na imeshagusa asidi. Wakusanya maziwa nao wana laktomita, ambayo kwa kawaida inaishia karibu na 1.040, asali yako itakuwa juu zaidi ya hapo siku ya kwanza. Unayoitaka ni ya mvinyo au bia, kuanzia chini kidogo ya 1.000 hadi 1.100 na zaidi. Ni ya kioo, kwa hiyo ikiagizwa Dar na kuja kwa basi, iombe ifungwe vizuri.

Faida yake kubwa si kujua asilimia. Ni kujua mchacho umekwisha. Kububujika kukikoma si ushahidi. Mfuniko unaweza kuwa unavujisha, au usiku wa Juni na Julai umeipoza hamira ikalala. Namba isipobadilika kwa siku kadhaa mfululizo, ndipo ujaze chupa. Ukifunga mapema, chupa ya kioo hugeuka bomu. Anayeanza atumie chupa za soda za plastiki: unazibonyeza, zikiwa ngumu kama mpya ujue gesi imetosha. Kwa pombe yenye povu, sukari ya kuongezea ni gramu 6 au 7 kwa lita, na mizani ndogo ya jikoni inatosha kuipima. Mpira wa kuhamishia usiunyonye kwa mdomo. Ujaze maji safi kwanza, kisha uachie.

Koili ya shaba na mtungi wa kukenekea si hatua inayofuata. Kupika gongo ni kosa kisheria Tanzania, na ukitaka kuuza hata wanzuki unahitaji leseni.

Sufuria kubwa? Inunue unapotaka kuhamia kwenye bia ya kimea, ambako uji wote unachemshwa, na baada ya upande wa baridi kukupa ladha ileile mara kwa mara. Hata hapo pima mikono yako: lita 40 za uji wa moto ni zaidi ya kilo 40, na lazima kuwe na mtu wa pili wa kukusaidia kuishusha jikoni.