Zege la kokoto wazi ni nini?

Zege likishamwagwa na kusawazishwa, rojo la saruji na mchanga hupanda juu na kuzifunika kokoto. Ule uso wa kijivu unaobaki likikauka ni ngozi tu. Mawe yamelala chini yake. Zege la kokoto wazi ni zege lililovuliwa ngozi hiyo lingali bichi, ili kokoto zionekane kwa macho na zihisike chini ya unyayo. Ni kinyume cha kupiga niru. Fundi wa niru huongeza saruji juu ili uso ulainike, fundi wa kokoto wazi huipunguza.

Wengi huchanganya pambo hili na terazo. Terazo husuguliwa kwa mashine mpaka jiwe na saruji vilingane na kung'aa. Kwenye zege la kokoto wazi, kokoto huachwa zikichomoza kidogo, na ukwaruzi huo ndio unaolifanya lifae nje: njia ya gari, ngazi, kibaraza, ukingo wa bwawa la kuogelea. Hata pakilowa, mguu haupotezi mshiko kirahisi.

Kokoto zinapatikana kwa njia mbili. Ama unachagua nzuri na kuzichanganya ndani ya zege lote, ama unamwaga zege la kawaida kisha unatandaza kokoto za mapambo juu yake, tabaka moja, na kuzikandamiza kwa ubao mpaka rojo lizifunike. Njia ya pili huokoa fedha kwa kuwa mawe ya gharama hayazikwi chini yasikoonekana. Chagua yenye umbo la yai au la mchemraba, tuseme milimita 10 hadi 20. Mawe bapa hulala juujuu na kung'oka. Yenye chembe za madini ya chuma yanaweza kutoa kutu miezi kadhaa baadaye na kuchora michirizi ya kahawia, kwa hiyo ukiona jiwe lina vimulimuli vya rangi ya shaba, liulizie kwanza.

Lakini mawe mazuri hayasaidii kitu kama saa ya kuosha ile ngozi ya saruji imekosewa. Ukiosha mapema, brashi inang'oa kokoto na kuacha mashimo. Ukichelewa, unasugua mpaka mikono inauma na saruji haitikisiki. Hakuna idadi ya saa ninayoweza kukupa, maana jua, upepo na wingi wa maji kwenye mchanganyiko hubadilisha kila kitu. Mafundi hubonyeza kwa dole gumba. Lisipoacha alama, wanasugua kipande kidogo cha pembeni huku wakinyunyiza maji. Kokoto zikitingishika, wanangoja.

Eneo likiwa kubwa, sehemu iliyomwagwa kwanza huwa tayari wakati ya mwisho bado ni uji. Hapo ndipo inapotumika dawa ya kuchelewesha. Hunyunyizwa juu mara tu maji yaliyopanda kwenye uso wa zege yanapotoweka, kisha uso hufunikwa kwa nailoni. Dawa huzuia saruji ya juu, milimita chache tu, isigande, huku ya chini ikiendelea kukaza kama kawaida. Kesho yake unaosha kwa brashi ngumu na maji. Wapo wanaotumia maji ya sukari, na si uchawi: sukari kweli huchelewesha saruji kuganda. Tatizo lake ni kwamba ni vigumu kuieneza sawasawa, ukaishia na uso wenye mabaka. Mimi ningenunua dawa.

Kina cha kuosha nacho kina mpaka. Theluthi moja ya jiwe ikiwa nje inatosha; theluthi mbili zibaki zimeshikwa. Ukivuka hapo, magurudumu yatakuokotea kokoto moja moja.

Maji yanayotoka wakati wa kuosha yamejaa saruji, na saruji mbichi huunguza ngozi polepole bila kukustua. Vaa glovu na buti. Usiyaelekeze kwenye mfereji pia, kwa sababu yatagandia humo, yatengee shimo.

Baada ya hapo zege hutunziwa unyevu kama zege lolote, siku 7 hivi. Kipako cha kuziba vinyweleo, kile kinachofanya mawe yaonekane kama yamelowa, hupakwa likishakauka vizuri. Wengi husubiri siku 28. Chagua kisichoteleza, la sivyo umeufuta mshiko wote ulioufanyia kazi. Kabla ya kupaka, kokoto huwa na ukungu mweupe wa saruji, na kawaida huondolewa kwa asidi iliyozimuliwa kwa maji mengi. Tone moja kwanza, kwenye jiwe safi la aina hiyo lisilo na saruji: likitoa povu, hayo ni mawe ya chokaa au marumaru, na asidi itayala pamoja na ukungu.