Aliyepata divisheni wani anaposhikwa na sapu

Matokeo ya semista ya kwanza yakitoka, mlango wa ofisi yangu ya ushauri haufungiki. Wengi wanaogonga walimaliza kidato cha sita na divisheni wani, sasa wameshikwa na sapu, yaani mtihani wa kurudia somo waliloanguka, na kauli yao ni moja: "Dokta, nadhani kozi hii kichwa changu hakiiwezi." Mara chache sana kichwa ndicho chenye kosa.

Binti mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja na alama 14 kati ya 40 za tathmini endelevu. Tukapiga hesabu. Vyuo vyetu vingi hugawa somo hivyo: 40 za majaribio na kazi za semista, 60 za mtihani wa mwisho. Kama kufaulu ni 40, yeye alitakiwa kuokota 26 kwenye mtihani. Mwenzake mwenye 28 alihitaji 12 tu. Binti akanyamaza. Jaribio la kwanza lilimkuta hajagusa daftari, maana wiki zote hizo alikuwa anatafuta pa kulala. Mwishowe akabebwa hosteli, yaani akajibana kwa mwenye chumba, wawili kitanda kimoja chembamba. Usingizi gani huo? Na usiku ndipo ubongo unapopanga ulichosoma mchana.

Hela nayo ina lake. Mwaka 2022 fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka Sh 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini boom, kama wanafunzi wanavyoiita hela hiyo, huingia kwa mkupuo. Wiki ya kwanza simu mpya, za mwisho pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku. Siwalaumu sana, wengine humtumia mama nyumbani sehemu ya hela hiyo.

Ila kinachowaangusha hata wenye chumba na hela ni namna ya kusoma. Desa, yaani noti za somo, linapigwa rangi ya njano, linasomwa mara nne usiku wa kuamkia mtihani, basi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Moja waliirudia kuisoma. Nyingine waliifunga, wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, iliyorudiwa ilikuwa mbele. Baada ya wiki, walikumbuka asilimia 42 ya hiyo, na asilimia 56 ya ile waliyojipima. Kurudia kusoma kunakupa uzoefu wa maneno, ukadhani umeelewa.

Kuna na lugha. Yule binti alinieleza mada nzima kwa Kiswahili bila kukwama; kwenye karatasi ya mtihani, kwa Kiingereza, aliandika sentensi mbili.

Nikamwagiza kila baada ya kipindi afunge desa, achukue karatasi tupu na kuandika alichoelewa kwa lugha yoyote, kisha akitafute kwa Kiingereza kile kilichokwama. Karatasi ya kwanza aliyoniletea ilikuwa na mistari minne. Ya wiki ya sita ilijaa mpaka nyuma, Kiswahili kikiwa kimebaki pembeni tu, kwa penseli.