Kisu ni kimoja, vibanio ni vingi

Mama anayepelekwa kujifungua kwa upasuaji huwahi kuiona trei yetu. Imejaa vyuma vinavyong'aa, naye hudhani vyote ni vya kukata. Mmoja aliniuliza, "Dada, visu vyote hivyo ni vyangu?" Kisu kilikuwa kimoja.

Nacho ni vipande viwili: mpini wa chuma cha pua, unaosafishwa na kutumika tena, na wembe wa kuchomeka, ambao ni wa mgonjwa mmoja tu. Kazi yake haichukui muda. Hupasua ngozi, na baadaye hufungua tundu dogo kwenye mfuko wa uzazi. Kulipanua, daktari hutumia vidole au mkasi.

Vingi vilivyobaki ni vya kushika. Kibanio cha mishipa ya damu utakidhania mkasi mpaka uutazame mdomo wake: hauna makali, una mistari midogo ya kuzuia kuteleza. Karibu na pete za vidole kuna meno yanayoumana, krr, krr, hivyo mkono ukiachia, chenyewe hakiachii. Mshipa ukishabanwa, damu husimama na daktari hupata nafasi ya kuufunga kwa uzi au kuuchoma kwa umeme. Kitovu cha mtoto nacho hubanwa mahali pawili, mkasi ukapita katikati.

Kipo pia chuma kipana kilichopinda, cha kuvuta kingo za jeraha na kukinga kibofu cha mkojo, ambacho ni jirani kabisa na panapokatwa. Anayekishikilia huchoka mkono, wala hakuna anayemsifu.

Vyuma vinavyotumika tena vyote hupitia mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, kwa kawaida nyuzi 121 au 134. Utepe wa pakiti una mistari inayogeuka kuwa myeusi kwenye joto hilo. Isipogeuka, pakiti haifunguliwi.

Kisha kuna kuhesabu, kazi ninayoipa uzito kuliko zote. Wawili huhesabu kwa sauti vyuma, sindano na shashi kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo na mwishoni. Shashi iliyolowa damu hufanana mno na nyama, ndiyo maana zile za upasuaji hufumwa na uzi unaoonekana kwenye eksirei. Ikipungua moja, tunapekua mpaka ndoo ya taka. Kwa kuwa ganzi ya mgongo haimlazi mama usingizi, mara nyingi hutusikia: "Shashi kumi." "Kumi, zimetimia."