Seattle wana mabwawa, ila bado wanapanga

Watu wengi bado wanaamini Seattle kule Marekani, kwa vile jiji lina shirika lake la umeme, Seattle City Light, na mabwawa ya kuzalisha umeme kama Ross na Diablo, basi hawana cha kupanga, maji yapo tu. Sio hivyo jamani. Maji mengi yanategemea theluji, inayeyuka joto likianza, lakini umeme unahitajika zaidi kwenye baridi kali watu wakiwasha hita. Kwa hiyo wanapiga hesabu ya miaka 20 mbele na wanaangalia pia miaka mikavu, huku magari ya umeme yanaongezeka, na umeme mwingine wananunua kwa Bonneville, shirika la serikali kuu ya Marekani linalouza umeme. Hata kumsaidia mteja apunguze matumizi kunahesabiwa kama chanzo cha umeme, na hapo ndo naona watu wanapasahau sana.