Siklokrosi si baiskeli ya barabara iliyovaa tairi nene

Kijana mmoja jirani yangu hapa Goma alinijia Jumamosi akikokota kinga, yaani baiskeli, aliyoinunua kwenye mitumba kutoka Ulaya. Ilikuwa na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume na tairi zenye vinundu. Aliambiwa ni siklokrosi (baiskeli ya mbio za majanini na matopeni), "ya barabara mbovu", na akaongezewa bei kwa sababu hiyo. "Mukubwa, mbona inakwaruza ninapopiga pedali?" Nikaigeuza miguu juu, nikaliangalia gurudumu la mbele, nikacheka kidogo. Naye akacheka, ingawa hakujua bado anacheka nini.

Hiyo ndiyo dhana ninayokutana nayo zaidi: kwamba tofauti ni tairi tu, ukizibadilisha umebadilisha baiskeli.

Weka kidole chako kati ya tairi na fremu, pale juu kwenye uma wa mbele. Kwenye siklokrosi kitapita, na bado kitabaki na nafasi ya kuchezacheza. Kwenye baiskeli ya barabara ya zamani, ile yenye breki za kubana rimu, hata karatasi iliyokunjwa mara nne inaweza kukwama, kwa sababu fremu hiyo ilipimwa kwa tairi ya milimita 23 au 25, pengine 28 ukibahatika. Kinga ya kijana wangu ilikuwa ya namna hiyo. Muuzaji alilazimisha humo tairi za siklokrosi za milimita 33, na vinundu vilikuwa vimeshaila rangi ya uma hadi chuma kikaonekana.

Nafasi ile ya siklokrosi haikuachwa kwa ajili ya tairi, iliachwa kwa ajili ya tope. Mbio za siklokrosi za wakubwa huchukua kama saa moja, wakizunguka njia ya kilomita mbili na nusu hadi tatu na nusu, kwenye majani, mchanga, ngazi na matope ya majira ya baridi ya Ubelgiji na Uholanzi. Njiani wanawekewa mbao za kuruka, zisizozidi sentimita 40 kwenda juu. Mwendeshaji hushuka mbiombio, akaitundika baiskeli begani, akakimbia nayo, kisha akairukia tena. Tope likijaa mno, anaingia kwenye kituo cha kando, anachukua baiskeli nyingine, na ile ya kwanza inaoshwa.

Ukishajua hilo, fremu inajieleza yenyewe. Bomba la juu mara nyingi limebonyezwa upande wa chini lisiumize bega, na nyaya, kama hazikufichwa ndani, zinapita juu yake. Pedali zinaingia kiatu pande zote mbili, na viatu vyenyewe vina meno ya kukanyagia udongo. Jaribu kukimbia na viatu vya baiskeli ya barabara: utatembea kama bata. Uma wa mbele umelala nyuzi moja au mbili zaidi, na gurudumu la nyuma limesogezwa nyuma kidogo, ili chombo kitulie kwenye utelezi.

Basi watu wanasema, kama ni hivyo, siklokrosi imetengenezwa kwa ajili ya barabara zetu. Hapa ndipo ninapobishana sana na wenzangu.

Goma tunakanyaga makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji. Mei 2021 ikashuka tena na kuishia karibu na kingo za mji. Tunachoendeshea kwenye mitaa mingi ni jiwe jeusi lenye makali. Maji ya mvua yanazama upesi, kwa hiyo tope zito la kung'ang'ania hatuna sana. Vile vinundu virefu vilivyobuniwa kuuma tope havina cha kuuma, vinasagika tu. Na ubavu wa tairi za mashindano ni mwembamba, koro moja likiugusa vibaya umekwisha. Milimita 33 zenyewe si kipimo cha hekima ya barabara mbovu. Ni mpaka uliowekwa na UCI, chama cha dunia cha mbio za baiskeli, kwa mbio za wakubwa, tairi isizidi hapo. Anayetaka kwenda Sake na kurudi kupitia njia za mawe atafute graveli, baiskeli ya njia za changarawe, ambayo hupokea tairi za milimita 40 na zaidi, ina matundu ya kufungia kreti na chupa, na ni ndefu kidogo. Wengi wanaposema siklokrosi, hiyo ndiyo wanayoiota.

Usiige pia upepo wa mashindano. Wale wanajaza chini ya bar 2, lakini mara nyingi kwa tairi zilizogundishwa kwenye rimu. Ukifanya hivyo na tyubu ya kawaida, jiwe la kwanza litaibana kwenye rimu, na utapata matundu mawili sambamba kama alama ya meno ya nyoka.

Na wanaosema tairi pana ni nzito kuendesha, kosa ni la vinundu, si la upana. Tairi iliyojazwa ngumu kwenye barabara ya mawe inaruka kila jiwe, na kila mruko ni nguvu ya miguu yako iliyotumika kukuinua wewe na baiskeli badala ya kuwasogeza mbele. Iliyolegea kiasi inalimeza jiwe. Ndiyo maana hata wa barabara wamehama kutoka 23 kwenda 28 na zaidi. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabara yalipofika Kigali, walipanda Kimihurura penye mawe yaliyopangwa wakiwa juu ya baiskeli za barabara, na hakuna aliyelilia siklokrosi.

Dhana nyingine: siklokrosi inapanda mlima kwa urahisi. Hesabu meno. Nyingi za sasa zina gia moja mbele, ya meno 40 au 42. Ukiwa na 40 mbele na 32 nyuma, kila mzungusho wa pedali unageuza gurudumu mara 1.25. Baiskeli ya barabara yenye gia ndogo ya meno 34 mbele, na nyuma 32 hiyohiyo, inageuza mara 1.06. Kwenye milima ya Masisi nitachukua ya pili, asante. Mwenye siklokrosi akichoka anashuka na kukimbia. Wewe una kilo kumi za viazi nyuma.

Na wapo wanaodhani ni mchezo mpya, wa walioshindwa barabarani. Ufaransa ilikuwa na mashindano ya kitaifa mwaka 1902. Octave Lapize, aliyeshinda Tour de France ya 1910, alifanya siklokrosi. Ubingwa wa dunia wa kwanza, Paris mwaka 1950, aliuchukua Jean Robic, mshindi wa Tour ya 1947. Na Mathieu van der Poel, bingwa wa dunia wa siklokrosi mara nyingi, alishinda Paris–Roubaix, mbio za barabara zinazopita kwenye mawe, mara tatu mfululizo, 2023 hadi 2025.

Breki za diski tuziache. Siku hizi ziko kote kuwili, hazitambulishi kitu.

Kijana alinyamaza, akauliza: "Sasa mimi nimenunua nini?" Nikamwambia amenunua baiskeli nzuri ya barabara iliyovalishwa viatu vya mtu mwingine. Tukaiwekea tairi laini za 28, mkwaruzo ukaisha. Zile za vinundu aliziomba jirani mwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma kwa mguu na kubebea mizigo. Kipande kimoja amekipigilia misumari kwenye ubao, pale mguu unaposimama wakati wa kuteremka.