Kabla ya Kulalamikia Kampuni ya Intaneti, Chomeka Waya

Malalamiko ya intaneti ya nyumbani yanazidi kumiminika kwenye dawati letu hapa Kampala, na mengi yanafanana: "Nalipa kila mwezi, lakini intaneti inakatika-katika." Tunawaamini wanaoandika. Ila fundi akifika, mara nyingi hukuta laini inayoingia ndani ni nzima. Kinachosumbua ni waifai, yaani zile mita chache kati ya ruta (kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani) na simu yako. Hivyo ni vitu viwili, na asiyevitenganisha huzungushwa wiki nzima.

Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, zima waifai ya kompyuta, toa simu na televisheni zote kwenye mtandao, kisha pima kasi. Rudia saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Waya ukienda vizuri na waifai ikasuasua, tatizo ni lako. Waya nao ukisuasua, ni la kampuni. Na tafadhali, megabiti si megabaiti. Kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde hushusha megabaiti 1.25 tu kwa sekunde, kwa sababu baiti moja ni biti 8. Anayeona 1.2 kwenye skrini hajaibiwa, na tumelieleza hili mara nyingi mno.

Majuzi nilikuwa Bombo kwa bibi mmoja ambaye chumba chake cha nyuma kilikuwa hakishiki kabisa. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la chuma, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mbele yake limesimama jerikeni la maji la lita 20. "Nimeificha wajukuu wasiichezee, mwanangu," akaniambia. Chuma hurudisha mawimbi, maji huyameza. Tuliipandisha juu ya rafu ya sebuleni, mahali pa wazi, na chumba cha nyuma kikashika kabla chai haijapoa. Hakuna kilichonunuliwa.

Kwenye nyumba za kupanga za safu, ruta kumi hugombea masafa yale yale ya gigahezi 2.4, ambako kati ya chaneli zake, yaani njia ndogo za mawimbi, ni 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana. Hamia ile yenye majirani wachache, au tumia gigahezi 5 ukiwa karibu na ruta, kwa sababu ukuta wa tofali huidhoofisha haraka. Umeme ukirukaruka, ruta nayo huzima na kuwaka upya. UPS ndogo, yaani betri inayoshikilia umeme ukikatika, husaidia. Lakini usichokoe kile kitundu cha nyuma ya ruta kwa pini. Kinafuta mipangilio ya kampuni, na utabaki bila intaneti mpaka irudishwe.

Kuhusu boosta, yaani vifaa vya kukuza mawimbi ya simu, zinazouzwa mitaani: hizo si sawa na kifaa cha kusogeza waifai ndani ya nyumba. Zinaweza kuvuruga mnara unaohudumia mtaa mzima, na chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya 2013, kumiliki au kutumia mtambo wa redio unaohitaji leseni bila kuwa nayo ni kosa. Vilevile, anayeingia kwenye mfumo wa mwenzake bila idhini, hata kama ni jirani "anayeazima" nywila, anagusa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, ambayo kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Badilisha nywila iliyokuja na ruta.

Ikithibitika kosa ni la laini, anza kwa kampuni yako, si kwingine. Dai namba ya rejea ya lalamiko na uihifadhi. Wasipolitatua, ndipo ulifikishe kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ukiambatanisha namba hiyo pamoja na tarehe, saa, kasi ya waya na kasi ya waifai. Fundi mwenye karatasi hiyo mkononi huanzia kwenye nguzo, haanzi tena sebuleni kwako.