Sanduku Lililoletwa Tupu

Wiki iliyopita nilikuwa wilaya ya Micheweni, Pemba, nikisaidia kikundi cha akina mama wa mwani kufunga hesabu za mwaka. Tulikaa chini ya mkungu, jamvi limetandikwa, sanduku la chuma la kuweka na kukopa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanachama watatu wasiokaa nyumba moja. Anayelilaza sanduku kwake hana ufunguo hata mmoja. Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti aliuliza mkutano uliopita liliachwa na shilingi ngapi. Wakajibu wote kwa pamoja, pamoja na bibi mmoja asiyejua kusoma, na pesa zilipohesabiwa zilikuwa hizo hizo.

Hatua chache kutoka hapo kuna banda la matofali, mlango umefungwa. Ndani mna mashine ya kusaga mwani mkavu, unga wa kutengenezea sabuni. Mfadhili aliileta, ikazinduliwa kwa hotuba na pilau, ikafanya kazi miezi michache, mota ikaungua. Kipuri hakikupatikana Wete wala Chake Chake, na mradi nao ulikuwa umeshakwisha muda wake. Mimi nilikuwamo katika kamati iliyoandika maombi ya mashine ile. Tulihesabu sabuni ngapi zitatoka kwa siku. Hatukuuliza mota ikifa nani atalipa, wala sabuni zile nani atanunua zikishatosha kijijini.

Miaka yote niliyofanya kazi hii, msaada niliouona ukidumu Zanzibar ni ule wa sanduku, na sanduku lenyewe lililetwa tupu. Mtindo huu shirika la CARE liliuanza nchini Niger mwaka 1991, kwa vikundi vya wanawake. Kwetu ulishika mizizi mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, Unguja. Walioleta hawakutoa mtaji. Walitoa mafunzo, daftari na utaratibu: hisa, mkopo, mfuko wa jamii wa maradhi na misiba, na siku ya kugawana. Mradi ulipokwisha vikundi havikufa. Waliofundishwa wakafundisha wengine, na leo ukitembea shehia kwa shehia utavikuta vikundi ambavyo havijawahi kumwona mfadhili.

Kwa nini jambo dogo hivi lina nguvu? Tazama mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza upande wa mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, kikaenea hadi Pemba, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Kazi inafuata bamvua. Maji yakitoka wanateremka kufunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, yaani vikamba vyembamba, na baada ya wiki sita hivi wanavuna na kuanika. Mwani huo unasafirishwa nje mkavu, ukakamuliwe utomvu wa kugandishia dawa ya meno, aiskrimu na nyama za makopo.

Sasa, kamba na taitai zinatoka wapi? Mara nyingi kwa mnunuzi. Anakupa bila kudai pesa, ila mwani utamuuzia yeye, kwa bei yake. Chukua mfano, tarakimu ni zangu za kufundishia. Vifaa ni vya shilingi 60,000. Kwa kuwa umefungwa kwake, kila kilo unapata shilingi 100 pungufu ya ambayo ungepata ukiwa huru. Ukiuza kilo 1,500 kwa mwaka umeacha shilingi 150,000, na mwakani unaanza tena. Simsemi mnunuzi kwa ubaya. Yeye naye ametoa mtaji wake pahala ambapo benki haikufika, na mwani ukioza majini hasara inamfikia. Lakini huo ni mkopo, na ni ghali kuliko unavyoonekana, kwa sababu haukuandikwa popote.

Sanduku linamfungua mkulima na mkopo huo. Na hapa kuna suala ambalo wataalamu wengi wanaokuja kwetu wanalipita haraka: riba. Nimeona wanawake waaminifu wakiacha vikundi kwa sababu mkopo wa 100,000 unarudishwa 110,000, na dhamira zao hazitulii. Hawa wa Micheweni walikaa na ustadhi wao wa madrasa wakatoka na njia nyingine. Kikundi kinanunua kamba kwa jumla mjini, kinazimiliki, kisha kinamuuzia mwanachama kwa bei inayojulikana, alipe kidogo kidogo. Vifaa vya 60,000 vinauzwa 66,000 kwa miezi mitatu. Ile 6,000 ni faida ya biashara, inarudi sandukuni na kugawiwa wote. Anayeumwa au anayefiwa anaongezewa muda, na bei haipandi. Tangu wafanye hivyo, waliotoka wamerudi.

Mwanamke mwenye kamba zake anaweza kuchagua wa kumuuzia. Anaweza pia kusubiri mwani ukauke sawasawa juu ya kichanja badala ya kuupeleka mbichimbichi, wenye mchanga, kwa kuwa skuli zinafunguliwa kesho. Mpango wa Serikali wa kiwanda cha mwani Chamanangwe, Pemba, nauunga mkono kwa moyo wote, lakini kiwanda kinakula mwani mkavu na safi, na huo hautoki kwa mtu anayeuza kwa dhiki. Karafuu ni hivyo hivyo: anayeziuza zingali mtini haziuzi kwa kupenda.

Sisemi sanduku linatosha. Haliwezi kupoza bahari. Kotonii, mwani wenye bei nzuri zaidi, unakufa maji yanapopata joto, na wengi wamebaki na spinosamu, unaovumilia lakini bei yake ndogo. Kuupeleka kotonii kwenye maji ya kina kunataka vyombo, utafiti, na wanawake waliofundishwa kuogelea. Hapo pesa kubwa ya mfadhili na mwekezaji ina kazi hasa.

Baada ya kugawana, niliwaambia kuna mfadhili anapokea maombi, nikauliza kama tuandike mashine mpya. Bibi yule asiyejua kusoma akanijibu, "Mwanangu, mashine inakula. Tuletee mizani kwanza, tujue tunachopeleka." Wenzake wakashauriana, na hata barua hawakutaka iandikwe. Mizani ilinunuliwa Wete siku ya Jumamosi kwa pesa ya sandukuni. Jioni walilipima polo moja la mwani mara tatu, kila mmoja akisogea kuisoma sindano kwa macho yake.